Kufundisha Densiti kwa Kupima Vitu vya Kila Siku: Mwongozo kwa Walimu wa Sayansi wa Lindi na Mtwara

Mwanafunzi aliyekariri kwamba densiti ni tungamo lililogawanywa kwa ujazo anaweza kupata alama zote katika swali la kujaza nafasi. Ukimuuliza, hata hivyo, kwa nini gogo la mwembe linalochongwa mtumbwi huelea ingawa watu sita hawaliinui, ilhali chubwi ya mshipi isiyozidi ukubwa wa njugu mawe huzama papo hapo, mara nyingi atajibu kwamba chubwi ni nzito. Fomula anaijua, lakini hajawahi kuitumia kwa kitu alichokishika. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulifundisha somo hili kwa kupima vitu vinavyopatikana Lindi, Mtwara, Kilwa, Newala na vijiji vya jirani, kwa mpangilio ambao fomula huja baada ya wanafunzi wenyewe kuiona haja yake. Unafaa kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi na kwa kidato cha kwanza.

Vifaa

Shule nyingi hazina mizani ya maabara wala silinda za kupimia zinazotosha darasa zima, na hilo lisiwe sababu ya kuahirisha somo. Kifaa chenye manufaa kuliko vyote katika kazi hii ni bomba la sindano la mililita 10 au 20, jipya na lisilo na sindano, ambalo hupatikana katika maduka ya dawa. Bomba hilo hupima ujazo kwa usahihi wa nusu mililita au chini ya hapo, na kwa kuwa mililita moja ya maji yasiyo na chumvi ina tungamo la gramu moja, maji yaliyopimwa kwa bomba yanaweza pia kutumika kama mawe ya mizani. Tumia maji ya mvua au ya bomba la mji, kwa sababu visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya magadi au chumvi.

Mizani yenyewe hutengenezwa kwa fito iliyonyooka yenye urefu wa sentimita 50 hivi. Ifunge uzi katikati na uitundike, kisha uning'inize makopo mawili yanayolingana, moja kila upande, kwa umbali ulio sawa kutoka katikati. Kabla ya kupima chochote, tia mchanga kidogo katika kopo lililopanda hadi fito ilale sawasawa. Kitu kinachopimwa kikishawekwa upande mmoja, mwanafunzi hutia maji kwa bomba katika kopo la upande wa pili, polepole, hadi fito irudi mlalo, na idadi ya mililita alizotia ndiyo idadi ya gramu za kitu kile. Joto la mchana wa pwani, nyuzi 30 hivi, hupunguza densiti ya maji kwa chini ya nusu ya asilimia moja, kiasi ambacho mizani ya fito haiwezi kukigundua. Kama shule ina mizani ya kidijitali ya jikoni, itumike bila kusita, lakini ni vyema angalau kundi moja lipime kwa fito na kulinganisha, kwa sababu fito humwonyesha mwanafunzi kwamba kupima tungamo ni kulinganisha kitu na kitu.

Vifaa vingine ni rula, chupa za plastiki zinazoonyesha ndani, uzi, beseni, mshumaa na utepe wa gundi.

Kuanzia kwenye beseni

Somo lianze kwa kukisia. Weka mezani vitu vilivyochaguliwa ili macho yadanganyike: kipande cha mpingo na kipande cha mninga chenye vipimo vilevile, msumari, gololi, kipande cha mkaa, jiwe la matumbawe, kifuu cha nazi, korosho ghafi na mche wa sabuni. Vipande vya mpingo huombwa kwa wachongaji wa vinyago, ambao hubaki navyo kila siku, na seremala yeyote atakukatia mninga kwa kipimo cha kile cha mpingo. Kila mwanafunzi ashike, apime kwa kiganja, kisha aandike katika daftari kipi kitazama na kipi kitaelea, pamoja na sababu yake. Usikubali utabiri wa mdomo pekee, kwa maana asiyeandika huhama upande mara tu anapoona matokeo.

Mpingo ndio utakaowashtua. Wanafunzi wengi wanaamini kwamba kila mti huelea, lakini mpingo uliokauka una densiti ya gramu 1.2 hadi 1.3 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo huenda chini kama jiwe, wakati mninga wa ukubwa uleule, wenye densiti ya karibu 0.6, hubaki juu. Hapa mwalimu anyamaze kidogo na kuwaachia wanafunzi wabishane. Ukubwa ni mmoja, vyote ni mbao, ila kimoja kimezama. Anayesema "kizito huzama" aulizwe kuhusu gogo la mtumbwi, na anayesema "kikubwa huelea" aulizwe kuhusu jiwe la kujengea. Baada ya mabishano hayo, darasa lenyewe hufika mahali pa kukubali kwamba uzito pekee hautoshi na ukubwa pekee hautoshi. Hapo ndipo somo la kupima linapoanza kuwa na maana.

Mche wa sabuni na mstari ulionyooka

Ninapendekeza upimaji wa kwanza ufanywe kwa sabuni ya mche, kwa kuwa inakatika kwa kisu, ina kingo zilizonyooka na haihitaji kuloweshwa. Kila kundi likate vipande vinne au vitano vya ukubwa tofauti, kuanzia robo ya mche hadi mche mzima. Wapime urefu, upana na kimo kwa rula, wazidishe wapate ujazo kwa sentimita za ujazo, kisha wapime tungamo kwa gramu. Tuseme kipande kimoja kina sentimita 6 kwa 5 kwa 4, yaani sentimita za ujazo 120, na tungamo lake ni gramu 126. Kipande cha nusu yake kitakuwa na sentimita za ujazo 60 na gramu karibu 63.

Usiwaambie wagawanye. Waambie wachore grafu, ujazo ukiwa kwenye mhimili wa chini na tungamo kwenye mhimili wa wima, hata kama ni kwa chaki kwenye sakafu ya saruji. Nukta zitajipanga karibu na mstari mmoja ulionyooka unaoanzia sifuri. Sasa uliza: kipande cha sentimita za ujazo 100, ambacho hamkukikata, kingekuwa na gramu ngapi? Wataisoma grafu na kujibu. Na kipande cha sentimita moja ya ujazo? Wakijibu swali hilo la pili, wameshapata densiti ya sabuni kabla ya kulisikia jina lake. Jina na fomula vitolewe hapo hapo, vikipokelewa kama muhtasari wa jambo wanalolijua. Grafu hiyo pia inafunga mlango wa kosa ambalo ni sugu kuliko yote katika mada hii, lile la kudhani kwamba kitu kikikatwa nusu na densiti yake hupungua nusu.

Makundi mawili yakitumia sabuni za aina mbili, chora mistari yote katika grafu moja. Mstari ulio mkali zaidi ni wa sabuni yenye densiti kubwa zaidi, na wanafunzi watauona mwinamo kabla ya kufundishwa neno hilo katika hesabu.

Vitu visivyo na umbo la kupimwa kwa rula

Kwa msumari, gololi au kokoto, ujazo hupatikana kwa maji yanayosukumwa. Njia iliyozoeleka ni kusoma kimo cha maji kabla na baada ya kutumbukiza kitu. Chupa pana haifai kwa njia hii: katika chupa yenye kipenyo cha sentimita 6.5, mililita 10 huinua maji kwa milimita 3 tu, lakini katika chombo chenye kipenyo cha sentimita 3 zinainua maji kwa milimita 14, na kosa la jicho linakuwa dogo zaidi kwa kulinganisha.

Iko njia bora zaidi, ambayo haihitaji chombo chenye alama za vipimo. Kata chupa ya plastiki shingoni, tia maji hadi nusu, bandika utepe mwembamba mahali uso wa maji ulipo. Tumbukiza kitu kwa uzi, taratibu, kisha vuta maji kwa bomba la sindano hadi uso urudi kwenye alama. Jumla ya maji yaliyovutwa ndiyo ujazo wa kitu. Mwanafunzi anayesimamia alama ashushe jicho lake hadi lilingane na uso wa maji, asisome akiwa amesimama, na asome sehemu ya chini ya mbonyeo wa maji, wala si ukingo unaopanda kwenye plastiki. Viputo vya hewa vinavyong'ang'ania kitu vitikiswe vitoke, maana kila kiputo huhesabika kana kwamba ni sehemu ya kitu.

Msumari mmoja ni mdogo mno kwa bomba la mililita 10. Tumieni misumari 20 kwa pamoja. Tuseme misumari hiyo ina gramu 94 na imesukuma mililita 12. Densiti ni 94 gawanya kwa 12, sawa na gramu 7.8 kwa kila sentimita ya ujazo, na densiti ya chuma ni karibu 7.9. Gololi zitatoa karibu 2.5, kipande cha sufuria ya alumini karibu 2.7, na kokoto nyingi hukaribia 2.6. Chubwi ya risasi ni 11.3, na wanafunzi wataihisi tofauti hiyo mkononi kabla ya kuipima. Risasi ni sumu, kwa hiyo wanawe mikono kwa sabuni baada ya kuishika na wasiipeleke mdomoni.

Vinavyoelea na vinavyonywa maji

Kipande cha mninga hakizami, hivyo hakisukumi maji yanayolingana na ujazo wake wote. Kifunge na chubwi. Pima kwanza maji yanayosukumwa na chubwi peke yake, kisha maji yanayosukumwa na vyote viwili pamoja. Tofauti ya vipimo hivyo ni ujazo wa mbao. Fanyeni haraka, kwani mbao ikikaa majini huanza kunywa.

Mkaa na jiwe la matumbawe vinastahili muda zaidi kuliko walimu wengi wanavyovipa. Ukitumbukiza jiwe la matumbawe, utaona viputo vikitoka kwa dakika kadhaa, na uso wa maji ukishuka taratibu huku maji yakiingia ndani ya matundu. Ni ujazo upi basi upimwe, ule wa jiwe pamoja na matundu yake au ule wa mwamba wenyewe? Vyote viwili ni majibu sahihi kwa maswali mawili tofauti. Anayetaka kujua lori litabeba mawe mangapi anahitaji densiti ya jiwe zima, pamoja na hewa iliyomo. Anayetaka kujua jiwe limeundwa kwa nini anahitaji densiti ya mwamba bila hewa. Kwa swali la kwanza, paka jiwe au mkaa nta ya mshumaa iliyoyeyushwa, utando mwembamba unaoziba matundu, kisha pima kama kawaida. Kwa swali la pili, lipime tungamo likiwa kavu, liloweke usiku kucha ili maji yajaze matundu, kisha liwekwe katika chombo cha kupimia likiwa limelowa vilevile. Tofauti kati ya densiti hizo mbili huwashangaza wanafunzi waliozaliwa katika nyumba za mawe hayo.

Korosho ghafi nazo zina hewa ndani, kati ya ganda na kiini, na kiasi cha hewa hutofautiana. Tia korosho 30 katika beseni la maji: baadhi zitazama na baadhi zitaelea. Wakulima wanaochagua mbegu za kupanda hutumia jaribio hilihili na kuchukua zinazozama, kwa sababu kiini chake kimejaa. Wanafunzi wapime kundi linalozama na kundi linaloelea kila moja peke yake, na wataona densiti za pande mbili za 1, jambo linaloonyesha kwamba maji yenyewe yamefanya kazi ya mizani. Korosho zisipasuliwe wala kuchomwa darasani, kwani ganda lake lina mafuta makali yanayoharibu ngozi.

Maji ya bahari, chumvi na mafuta

Maji baridi yana densiti ya 1.00 na maji ya bahari ni karibu 1.025. Tofauti ni ndogo, na mwanafunzi akipima mililita 10 hataiona kabisa. Jaza chupa mbili zinazolingana za nusu lita, moja maji ya mvua na nyingine maji ya bahari, zote hadi mdomoni, uzitundike kila moja upande wake wa fito. Upande wa bahari utashuka. Mwanafunzi atie maji kwa bomba katika kopo dogo lililotundikwa upande uliopanda hadi fito ilale. Atatumia mililita 12 au 13 hivi. Hapo atakuwa amejifunza jambo linalomfaa katika vipimo vyote, kwamba tofauti ndogo hutafutwa kwa kutumia kiasi kikubwa.

Kifaa cha kupimia densiti ya vimiminika hutengenezwa kwa mrija wa soda. Ziba ncha moja kwa nta, tia mchanga kidogo hadi mrija usimame wima majini, na uweke alama mahali uso wa maji baridi unapoukata. Iwapo sehemu iliyozama ni sentimita 10, katika maji ya bahari mrija utapanda kwa milimita 2 na kidogo, na katika maji ya chumvi yenye densiti ya 1.2 utapanda kwa milimita 17. Densiti hiyo ya mwisho si ya kubuni: katika mashamba ya chumvi ya pwani yetu, maji ya bahari huachwa yakauke kwa jua hadi yakaribie hapo ndipo chembe za chumvi huanza kuonekana. Mwalimu aliye karibu na mashamba hayo aombe lita moja ya maji kutoka kila bwawa, awaache wanafunzi wayapange kwa mrija bila kuambiwa yametoka wapi.

Yai bichi jipya huzama katika maji ya mvua. Wanafunzi wakiongeza chumvi kijiko kwa kijiko na kukoroga, litaelea wakishatia zaidi ya gramu 100 kwa lita. Mafuta ya ufuta na ya nazi, yote karibu 0.92, yatakaa juu ya maji, na asali, karibu 1.4, itakaa chini yake. Mafuta ya nazi yana ziada ya kuvutia kwa shule za nyanda za juu kama Newala na Rondo: asubuhi za baridi, joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, huganda, na bonge lililoganda huzama katika mafuta yaliyo majimaji, kinyume na barafu inayoelea juu ya maji.

Kuandika matokeo kwa ukweli

Kalkuleta itamwonyesha mwanafunzi 7.8333333, naye ataiandika yote. Mrudishe kwenye bomba la sindano. Kama mililita 12 zingeweza kuwa 11.5 au 12.5, basi densiti ya misumari ingeweza kuwa 8.2 au 7.5, na jibu la haki ni "karibu 7.8, kati ya 7.5 na 8.2". Ninalisisitiza hili kuliko tarakimu yoyote iliyotajwa juu, kwa sababu mwanafunzi anayejua kipimo chake kinaaminika kwa kiasi gani ameshaingia katika sayansi. Kwa mfano, gololi na alumini ziko karibu kiasi kwamba kundi lenye bomba moja na misukosuko ya mkono halina haki ya kudai limezitofautisha, isipokuwa litumie vitu vingi zaidi kwa wakati mmoja.

Matokeo ya makundi yote yaandikwe ubaoni bila kufuta lililo mbali na mengine. Kundi lenye jibu la ajabu lirudie mbele ya darasa. Mara nyingi chanzo huwa ni fito ambayo haikusawazishwa, kitu kilicholowa kabla ya kupimwa tungamo, au jicho lililosoma kutoka juu.

Kwa wanafunzi wa sekondari, ongeza neno kuhusu gesi, hata kama hamtaipima. Gesi asilia ya Mnazi Bay na Songo Songo kwa sehemu kubwa ni methani, yenye densiti inayokaribia nusu ya ile ya hewa, hivyo ikivuja hupanda. Gesi ya mitungi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kujikusanya pembeni na chini ya meza. Anayesikia harufu ya gesi ya mtungi jikoni afungue milango ili itoke chini, asiwashe kiberiti wala kugusa swichi ya taa.

Kupima uelewa

Jaribio la mwisho lisiwe la kukokotoa pekee. Lipe kila kundi chupa ngumu ya nusu lita yenye kifuniko, mchanga mkavu, mizani na ndoo, kisha uwaulize: mtie mchanga gramu ngapi ili chupa iliyofungwa izame katika maji ya mvua lakini ielee katika maji ya bahari? Kundi lililoelewa litaanza kwa kutafuta ujazo wa nje wa chupa, pamoja na plastiki yake na kifuniko, kwa kuizamisha katika ndoo iliyojaa na kupima maji yanayomwagika kwenye beseni. Wakipata sentimita za ujazo 520, kwa mfano, watajua kwamba tungamo la chupa na mchanga kwa pamoja lizidi gramu 520 lakini lisifike 533. Mpe kila mmoja alama kwa hesabu aliyoiandika kabla ya kugusa maji, kisha kwa maelezo yake ya tofauti iliyopo kati ya hesabu hiyo na alichokiona ndani ya ndoo.